Kubadili Mfumo Endeshi wa Kompyuta Chuoni: Kazi ya Fundi au Kazi ya Mwalimu?

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna chuo kinavyoweza kupanga kazi ya kubadili mfumo endeshi wa kompyuta zake zote bila kuvuruga masomo, bila kupoteza kumbukumbu za wanachuo, na bila kuwadhalilisha watu wazima wanaozitumia. Tunaandika kutokana na kazi iliyofanyika katika chuo chetu kati ya mwezi wa Juni na mwezi wa Septemba 2025, ambayo sisi tulipewa jukumu la kuiratibu.

Kwa faida ya msomaji ambaye somo hili si lake, tuseme kwanza mfumo endeshi ni nini. Ni programu kuu inayosimamia programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Hugawa nafasi ya kumbukumbu, hupokea amri za kibodi, hutunza mafaili, na huamua nani aingie na nani azuiwe. Tukitaka mfano wa shuleni, mfumo endeshi ni kama mwalimu wa zamu. Yeye hafundishi vipindi vyote, lakini asipokuwapo kengele haigongwi, mistari haipangwi, na lango hubaki wazi.

Ni habari ya lango ndiyo iliyotusukuma. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo ulioanza kutumika tarehe 29 Julai 2015. Hapa Tanzania siku hiyo ni Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na ofisi zilikuwa zimefungwa. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na asubuhi iliyofuata ziliwaka kama kawaida. Hapo ndipo palipo na hatari, kwani jambo lisiloumiza leo huahirishwa kwa urahisi. Walioishi na mashine hizi muda mrefu watakumbuka kwamba Windows XP iliachwa na watunzaji wake tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa mwendo huo, mwalimu mwenye umri wa miaka thelathini leo atakutana na kazi hii mara tano hivi kabla ya kustaafu. Basi inafaa ajifunze kuipanga.

Kwa nini tusiache mambo yalivyo?

Swali hili liliulizwa katika kikao chetu cha wakufunzi, na halikuwa swali la uvivu. Mkufunzi mmoja wa miaka mingi alitukumbusha methali isemayo, usiache mbachao kwa msala upitao. Alisema kwamba mashine zetu zinafanya kazi, alama zinaandikwa, barua zinachapwa. Kwa nini tuingie gharama na fadhaa?

Tulimjibu kwa mfano wa jambo lililotokea Uingereza. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja katika mifumo yake. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, yaani miezi miwili hivi baadaye, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipitia ufa huohuo na kuenea katika nchi nyingi kwa muda wa saa chache. Iliyafunga mafaili ya watu kwa maandishi yasiyosomeka, kisha ikadai fedha ili iyafungue. Katika Huduma ya Taifa ya Afya ya England, taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 ziliathirika, na wagonjwa wengi walifutiwa miadi yao. Dawa ilikuwapo muda wote huo. Mashine zilizoathirika ni zile ambazo hazikuwa zimepewa dawa.

Sasa, mfumo ambao haupewi tena marekebisho ni mfumo ambao nyufa zake zitazidi kugunduliwa na hakuna atakayeziziba. Mbachao ni mzuri, lakini ukianza kutoboka huwezi kuufanya stara. Chuo hakina wagonjwa, ila kina kitu ambacho kwa mwanachuo si kidogo. Kina alama zake za maendeleo za miaka miwili, ambazo zikipotea haziwezi kurudishwa kwa kumuuliza kila mkufunzi anakumbuka nini. Mtoto wa mkulima ambaye wazazi wake wameuza mazao ili asome, asije akaambiwa siku ya mwisho kwamba alama zake zimeliwa na mashine.

Hatua ya kwanza: kujua ulicho nacho

Kila mwalimu anajua kwamba andalio la somo lisilozingatia wanafunzi waliopo darasani ni karatasi tupu. Vivyo hivyo mpango wa kompyuta huanza kwa kuhesabu. Tulichukua daftari la mistari, tukapita chumba hadi chumba, na kwa kila mashine tukaandika mambo saba: mahali ilipo, anayeitumia, kazi kuu anayoifanyia, umri wake, aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, na nafasi iliyobaki katika diski. Orodha ya stoo tuliiheshimu, lakini hatukuitegemea, kwa sababu leja huonyesha kilichopokelewa tu, na vitu vikishapokelewa huhama.

Tulikuta kompyuta 38. Kati ya hizo 24 zilikuwa katika maabara, 9 katika ofisi, 3 katika maktaba na 2 katika chumba cha wakufunzi.

Kisha tulizilinganisha na masharti ya Windows 11, mfumo uliotolewa Oktoba 2021. Masharti yenyewe ni haya: kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni, ambayo kwa upande wa Intel ni kwa kawaida kizazi cha nane na kuendelea, na chipu ya ulinzi iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Sharti la chipu ndilo lililowasumbua watu wengi duniani. Hata hivyo tunamshauri msomaji asikate tamaa upesi. Katika mashine nyingi chipu hiyo imo ndani lakini imezimwa katika mipangilio ya chini inayofunguliwa kabla mfumo haujaamka. Kuiwasha ni kazi ya dakika chache.

Tulipomaliza tulikuwa na mafungu matatu. Mashine 17 zilifaa moja kwa moja. Mashine 8 zilifaa zikisaidiwa kidogo, kwa kuwashiwa chipu au kuongezewa kumbukumbu. Mashine 13 hazikufaa kabisa. Kati ya hizi 13, tisa zilikuwa za maabara, mbili za maktaba na mbili za ofisi. Moja ya hizo mbili za ofisi ilikuwa ya katibu muhtasi, ambaye tutamrudia.

Hatua ya pili: azimio la kazi

Jambo la pili ni kupanga wakati na zamu. Baadhi ya wenzetu walipendekeza fundi aitwe Ijumaa jioni, afanye kazi hadi Jumapili, na Jumatatu sote tukute mashine mpya. Pendekezo hili lina sura ya ufanisi, na katika baadhi ya taasisi ndivyo inavyofanyika. Sisi tulilipinga kwa sababu ya kimafunzo. Mtu akikuta chombo chake cha kazi kimegeuzwa usiku hujiona mgeni katika meza yake mwenyewe, na mgeni hana uhuru wa kuuliza.

Tuliandaa azimio la kazi kama lile la somo, lenye safu za juma, mashine zitakazoshughulikiwa, mtu anayehusika, zana zinazohitajika, na tathmini. Tulizingatia mambo manne.

(a) Kalenda ya chuo. Majuma ya kukusanya alama na majuma ya mitihani yaliwekewa mstari mwekundu, kusiguswe mashine yoyote.

(b) Nakala za akiba. Mafaili ya kila mashine yalinakiliwa mara mbili kabla ya kuguswa: nakala moja katika diski ya nje iliyofungiwa katika kabati la Makamu Mkuu wa Chuo, na ya pili katika jengo jingine. Kunakili peke yake hakutoshi. Tulifungua mafaili kadhaa kutoka katika kila nakala ili kuhakikisha kwamba yanasomeka. Akiba isiyojaribiwa ni kama ndoo ya zimamoto ambayo haijawahi kutiwa maji.

(c) Umeme na intaneti. Mfumo mzima una ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Kupakua mara 25 kwa mashine 25 ni kuumaliza mfuko wa chuo bure. Tuliupakua mara moja, kutoka kwa kampuni yenyewe na si kutoka kwa mtu wa dukani, tukauweka katika flashi. Na kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inaweza kushindwa kuamka, kompyuta za mezani ziliunganishwa na kifaa cha akiba ya umeme, na kompyuta mpakato zilijazwa betri kwanza.

(d) Njia ya kurudi. Mashine inayopandishwa kutoka Windows 10 huruhusu kurudi nyuma ndani ya siku 10. Kwa hiyo kila mtumiaji aliambiwa ajaribu kazi zake zote muhimu ndani ya juma la kwanza, asingoje mwisho wa mwezi. Aidha, mashine ambazo diski zake zimefungwa kwa ulinzi wa BitLocker zina ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Tuliziandika tarakimu hizo katika karatasi, tukazitia katika bahasha, na bahasha ikatiwa katika sefu ya mhasibu.

Lilibaki suala la nani atangulie. Palikuwa na maoni kwamba kazi ianzie katika ofisi kuu, kwa heshima ya cheo. Tulieleza katika kikao, kwa adabu, kwamba heshima ya cheo ni kupewa kitu kilichokwisha kujaribiwa. Ofisi inayotunza alama inapaswa kuwa ya mwisho, baada ya hitilafu zote kujulikana mahali pasipo na hasara. Mkuu wa Chuo alilikubali jambo hili kwa kicheko, akasema basi yeye atakuwa mwanafunzi wa darasa la mwisho.

Majaribio

Tulianza na mashine tatu tu: moja ya maabara, moja ya maktaba na moja ya chumba cha wakufunzi. Tulizitumia kwa majuma mawili kwa kazi za kweli, si za maonyesho. Kumbukumbu za alama zilifunguka vizuri katika programu ya lahajedwali. Lakini printa kubwa ya zamani, ambayo ndiyo inayochapa karatasi pana za alama, ilikataa kuitika, kwa kuwa hapakuwa na programu ya kuiongoza katika mfumo mpya. Kama tungebadili mashine zote mwisho wa juma moja, habari hii ingetufikia siku ya kuchapa matokeo. Kwa kuwa tuliijua mapema, tuliiunganisha printa hiyo na kompyuta moja ya zamani isiyounganishwa kabisa na intaneti, nayo inaendelea kufanya kazi.

Mwalimu anayejaribu zana yake kabla ya kipindi hafanyi hivyo kwa woga. Anaokoa dakika 40 za watoto 60.

Kufundisha watu wazima

Hapa ndipo tunapotaka kusema zaidi, kwa sababu ndipo mipango mingi inapokuwa mifupi. Katibu muhtasi wetu ni mama aliyeanza kazi kwa taipureta. Tulipokwenda kumweleza kwamba mashine yake ni mojawapo ya zile zisizofaa, na kwamba atapewa nyingine yenye mfumo mpya, alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, mashine hii mimi siijui kwa macho. Naijua kwa vidole."

"Tunaelewa, mama," tulimjibu. "Tunachotaka ni vidole vyako viijue na hiyo nyingine kabla hatujaiondoa hii."

"Na nikikosea mbele ya vijana?"

Swali hili ndilo lililotuongoza katika yote yaliyofuata. Mtu mzima hahofii sana chombo kipya. Anahofia kuonekana hajui mbele ya wale waliozoea kumwona anajua. Mkufunzi aliyefundisha miaka 25 akitafuta kitufe cha kuanzia mahali alipokizoea, pembeni kushoto, asikione kwa kuwa Windows 11 imekiweka katikati, na nyuma yake wamesimama wanachuo 30 wanaokiona, basi tumemnyang'anya kitu kikubwa kuliko dakika moja ya kipindi.

Kwa hiyo tuliamua mambo yafuatayo. Kwanza, mafunzo ya wafanyakazi yafanyike faragha, watu wanne wanne, bila mwanachuo kuwapo. Pili, kila kikundi kifanye kazi kwa mafaili yake halisi: mhasibu na vocha zake, mtunza maktaba na orodha yake ya vitabu. Tatu, tufuate kanuni tunayoihubiri kila siku, ya kutoka katika yanayojulikana kwenda katika yasiyojulikana. Tulianza kila kipindi kwa kuonyesha mambo ambayo hayakubadilika, nayo ni mengi: kuandika, kuhifadhi, kunakili, kuchapa. Baada ya hapo tulikwenda katika machache yaliyohama, na tukawaonyesha kwamba kitufe cha kuanzia kinaweza kurudishwa kushoto kwa anayependa. Nne, na hili tunaliona kuwa kubwa kuliko yote, mwelekezaji asiguse kibodi. Afunge mikono nyuma, aelekeze kwa maneno. Kijana mwerevu anapomfanyia mzee kazi kwa vidole vyepesi, akamwambia "umeona?", mzee husema ameona. Hajaona kitu.

Mashine ya zamani na mpya zilikaa katika meza ya katibu muhtasi kwa majuma matatu, ubavu kwa ubavu. Asubuhi alifanya kazi kwa ile ya zamani, mchana kwa mpya. Katika juma la tatu alituita, akatwambia kwamba ile ya kushoto inamzibia mwanga wa dirisha, tuiondoe. Hatukumwuliza zaidi.

Zile 13 zisizofaa

Kwa mashine 13 tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kulipia muda wa ziada. Kwa taasisi za elimu, Microsoft iliweka ada ya dola 1 ya Marekani kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa wa pili na dola 4 kwa wa tatu. Ni ada ndogo, lakini inanunua muda tu. Ya pili ni kuzifuta katika leja na kununua nyingine, jambo ambalo fungu letu halikuruhusu isipokuwa kwa ofisi mbili. Ya tatu ni kuzitia mfumo wa bure wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na ambao una matoleo yanayoweza kuendeshwa na mashine dhaifu.

Tulichagua njia ya tatu kwa mashine 11 za maabara na maktaba. Hatukuichagua kwa sababu ya bei peke yake. Mji wa München, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukafikisha zaidi ya kompyuta 14,000 kufikia mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows, huku malalamiko ya watumiaji yakiwa miongoni mwa hoja zilizotolewa. Mfumo wa bure usiofundishwa ni ghali.

Sababu yetu ilikuwa ya ualimu. Wanachuo wetu watapangiwa shule ambazo hatuzijui. Mmoja atakuta mashine mpya, mwingine atakuta mashine ya msaada ya miaka kumi na tano, mwingine hatakuta kitu ila simu yake. Tukiwafundisha vitufe vya mfumo mmoja, tumewapa ufunguo wa mlango mmoja. Sasa maabara ina mifumo miwili, na zoezi la kwanza la muhula ni kufanya kazi ileile katika yote miwili, kisha kueleza kwa Kiswahili fasaha kipi ni kilekile na kipi kimebadilika. Msamiati wa kufanyia hivyo hautuanzii sisi. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na walimu wa lugha wanaweza kuifanya kazi hiyo kuwa sehemu ya somo lao. Tumeona wanachuo waliokuwa wakikariri hatua sasa wanaanza kuuliza kwa nini.

Hitimisho

Kazi ilikamilika majuma mawili kabla ya tarehe 14 Oktoba 2025. Hakuna faili la alama lililopotea. Yamebaki matatizo: mashine mbili za Linux hazijaelewana na projekta, na mafunzo ya walinzi na wapishi wanaotumia kompyuta ya maktaba jioni bado hayajafanyika. Hayo yameandikwa katika azimio la muhula ujao.

Kwa wakufunzi wenzetu ambao vyuo vyao bado vina mashine zisizotunzwa tunatoa mapendekezo haya. Hesabuni kabla ya kununua. Nakilini, kisha zijaribuni nakala zenu. Anzeni na mashine chache mahali pasipo na hasara, na ofisi ya alama iwe ya mwisho. Tengeni muda wa kufundisha usiopungua muda wa ufundi, na mwelekezaji afunge mikono nyuma.

Fundi ana sehemu yake katika kazi hii, nasi tunamshukuru wa kwetu. Lakini swali la mtu anayeuliza atafanyaje akikosea mbele ya vijana halijibiwi na fundi. Hilo ni swali la darasani, na sisi ndio tuliosomea kulijibu.